Msasa Akataa Kuona Haya

Gereji nzima ilimwita Msasa, kwa kazi yake ya kukwaruza magari kabla ya kuyapaka rangi, na kwa ulimi wake ambao nao ulikwaruza. Bangi alianza kuivuta ujanani. Kila jioni alijibanza nyuma ya kompresa ya kupulizia rangi na msokoto wake, na aliyemwambia aache aliondoka na matusi.

Siku moja akioga alipapasa uvimbe mdogo, mgumu, kwenye korodani. Haukuuma, akaupuuza. Mkewe alipougundua hakumbembeleza.

"Baba watoto, ama twende hospitali, ama nampigia dada yako."

Akachagua hospitali.

Ilikuwa saratani. Daktari, mama wa makamo asiyezungusha maneno, alimuuliza kama anavuta kitu. Msasa akataja bangi, kisha akamkazia macho akisubiri kuhukumiwa.

"Kuna tafiti zilizoona saratani hii zaidi kwa waliovuta bangi muda mrefu," daktari alisema. "Ushahidi bado haujatosha, na siwezi kukuambia yako imetoka huko. Ila tukiitoa mapema, wengi hupona. Na moshi uache."

Nyumbani habari zilikuwa zimemtangulia: alimkuta dada yake mkubwa amekwishajaa sebuleni, na fundi umeme wa gereji, mvutaji mwenzake, amekaa na kichupa cha mafuta meusi ya bangi.

"Umejitakia!" dada alifoka. "Watu wakiuliza, sema ni ngiri. Usitutie aibu."

"Kaka, usikubali kukatwa," fundi umeme akadakia. "Bangi inaua saratani. Kunywa haya."

"Nyie bishaneni," Msasa alisema. "Huyu anasema bangi imeniua, huyu itanifufua, na hakuna daktari hata mmoja kati yenu. Mimi naenda kukatwa."

Akakatwa.

Aliporudi kazini, bado akitembea kwa tahadhari, mafundi walianza kunong'ona. Akazima kompresa.

"Nimetolewa korodani moja. Saratani. Mwenye swali aulize sasa, nina gari la kumaliza. Na mke wangu hajalalamika."

Kicheko kikalipuka, chake kikubwa kuliko vyote. Jioni dada akapiga simu akifoka.

"Umetuvua nguo!"

"Nimevua zangu tu, dada."

Bangi hakuirudia. Jioni za mwanzo zilimtesa. Alirusha makopo, akagombana na kila mtu. Waliompongeza kwa kuokoka aliwafukuza: ameacha mwenyewe, hakuachishwa. Vipimo vikawa vinarudi safi, naye akawa anamuuliza kila fundi mpya mbele ya wateja kama amejipapasa.

Kisha fundi umeme akamfuata, macho chini. Na yeye alikuwa amepapasa uvimbe mgumu.

Msasa hakumcheka. Alivua ovaroli, akamshika mkono, wakaelekea getini kwenda hospitali. Mwenye gari lililopakwa nusu akapiga kelele.

"Rangi itasubiri!" Msasa alimjibu bila kugeuka. "Sisi hatusubiri."