Kikapu cha Mama Mkwe

Mkitaka kucheka chekeni polepole, maana kisa hiki kikianza kuzunguka tena Gesima nitahama. Nilikuwa nimetoka chuoni na shahada yangu mbichi na Kigiriki kidogo (kidogo hicho ndicho kilichoniponza), nikaombwa kufundisha Sabato moja kanisani pale Keumbu habari za wale wawili waliosulubiwa pamoja na Yesu. Wiki nzima sikulala vizuri, nikiliwaza neno moja tu la Kigiriki wanaloitwa wawili hao, lestes, kwa sababu watu wetu walizoea kusema "wale wezi", nami nilitaka waelewe kwamba mwizi hunyemelea na kujificha, lakini lestes hukujia mbele ya watu akakupokonya kwa nguvu. Mnyang'anyi, basi. Ningesema hivyo nikaketi, ningekuwa na heshima yangu hadi leo.

Lakini nyuso zilinitazama tu, nikaogopa kwamba hawajaelewa, nikaamua kuwaonyesha. Nikashuka, nikavamia benchi la mbele la akina mama, nikashika kikapu cha mmoja aliyejifunika leso hadi machoni, nikavuta. Naye akavuta. (Hilo sikulitarajia, katika mawazo yangu lestes hushinda.) Tukavutana hadi ndizi za kuchemsha zikamwagika sakafuni na leso ikaanguka, nikajikuta nimemshika mkono mama yake Kerubo mchumba wangu, mama huyo akiwa amekuja kimyakimya kutoka Gesima kunikagua kabla ya mahari kupokelewa.

Kwetu Abagusii mama mkwe hapewi hata mkono wa salamu. Ukimwona njiani, unapinda kichakani. Mimi nilikuwa nimemnyang'anya chakula kanisani. Kerubo, kule kwa waimbaji, alijificha nyuma ya kitabu cha nyimbo. Nikarudi kinyumenyume hadi ukutani, kikapu bado mkononi, nikijua sina mchumba tena.

Mama alijitanda leso taratibu, kisha akamgeukia mzee wa kanisa, kwa kuwa kusema nami moja kwa moja haifai.

"Mwambie huyo mwalimu, mwizi ningemfukuza. Huyu, neno lake nimelielewa. Sasa arudishe kikapu, na ng'ombe wa mahari asiende kuwatafuta kwa njia hiyo."

Kanisa zima likaangua kicheko, na mzee mwenyewe akashindwa kufunga kwa sala. Mbuzi alichinjwa kuondoa ile aibu, mahari ikapokelewa, na mpaka leo nikitangulia kunyoosha mkono sahanini Kerubo huniita lestes. Mimi bado nafundisha, ila mikono yangu hukaa mfukoni.