Jani la Sale na Chumvi ya Mgeni

Sogea kidogo unisikie, maana neno lenyewe ni fupi na linapita haraka: sale. Huku kwetu mlimani, juu ya Moshi upande wa Kibosho, sale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda kwa mstari kuonyesha mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba na kahawa. Wengine husema isale. Wingi wake ni masale. Jani lake lina kazi kubwa kuliko mpaka. Ukimkosea mtu, unalichuma na kumpelekea, wewe mwenyewe au kwa mjumbe, na aliyepelekewa sale si rahisi akatae kusamehe.

Basi mama yangu alikuwa na kosa. Pale wanapokusanyia maziwa alisema mbele ya watu kwamba maziwa ya mama mkubwa, mke wa kaka yake baba, yana maji. Yakapimwa, hayakuwa na maji. Tangu siku hiyo wanawake hawa wawili, wanaotenganishwa na mstari mmoja wa masale, hawakusalimiana. Mama alijua amekosea. Aliniambia mwenyewe tukichambua maharage. Nikamwuliza mbona hapeleki jani.

"Nimpelekee halafu aniache nimesimama mlangoni? Yule ana mdomo."

Lakini kila nilipokuja nyumbani, jioni nilimwona akitazama ng'ambo kama jikoni kwa mwenzake moto umewashwa. Alitaka kurudi kwake, ila hakuiona njia.

Jumapili moja nilipanda nyumbani na mgeni, mwanamke kutoka Italia ninayefanya naye kazi mjini. Alitaka kumpikia mama tambi kwa namna ya kwao. Maji yamechemka, tukagundua chumvi imeisha. Mgeni akasema ataenda kuomba nyumba ya jirani. Nikataka kumzuia, mama akanikatiza.

"Mwache aende. Yeye hana ugomvi na mtu."

Nikamfundisha neno: chumvi. Akatoka akilirudia njia nzima.

Alikawia. Tulipochungulia tukamwona mama mkubwa anakuja, ameshika jani la sale, na mgeni nyuma yake, mikono mitupu.

Mama mkubwa hakuketi. "Mae," akamwita, yaani mama kwa lugha yetu, "mgeni wako amekuja kwangu anasema, mama ananituma, sale, tafadhali, sale. Nikamwuliza, jani lenyewe liko wapi? Anasema sale." Akamkazia mama macho. "Tangu lini mtu akaomba radhi kwa jani alilochumiwa na aliyekosewa? Hata hilo unaazima?"

Mgeni akanigeukia. "Mbwa alibweka," akasema. "Neno likakimbia." Akakusanya vidole, akavichezesha juu ya sufuria kama anayenyunyiza kitu, akalamba ncha zake. Hapo nikaelewa. Lugha yetu ilipomtoka, alishika ya kwao, na kwao chumvi ni sale.

Nikamwachia mama aseme mwenyewe, kwa sababu jambo lilikuwa lake. Angeweza kuuficha ukweli, jani likahesabika, yakaisha. Akaitazama sufuria, kisha akamtazama mwenzake.

"Dada, sikumtuma sale. Nilimtuma chumvi."

Mama mkubwa akashusha mkono. "Kumbe. Basi nimejileta bure na miguu yangu." Akageuka aondoke.

"Subiri. Hilo jani nipe."

Alilipokea, kisha akamrudishia kwa mikono miwili, ameinama. "Sasa nakuletea mimi. Maziwa yako hayakuwa na maji. Nilisema uongo."

"Ulisema mbele ya watu."

"Kesho asubuhi nitawaambia watu walewale, palepale."

Mama mkubwa aliliangalia lile jani. Halafu akalipokea. "Aika," akasema, ndiyo asante yetu. Akavuta kigoda. "Na chumvi?"

"Chumvi kweli sina."

Mgeni akarudi kule na mimi, tukaja na kopo zima.

Tulipokuwa tunakula, mimi sikutulia. Je, sisi na Waitaliano tulipeana neno hili? Mama alikuwa na jibu lake tayari: "Si ni sala tu hiyo? Unaomba."

Ni wazo zuri, nikamwambia, na linajaribu kweli kweli. Lakini neno likihama, mara nyingi hufuatana na kitu chake. Shule ilikuja na Wajerumani, neno likabaki. Sala ilikuja na dini, kutoka kwa Waarabu kupitia pwani. Sasa nani alete chumvi mlimani, kisha jina lake liihame chumvi likakae kwenye jani la mpakani? Halafu tazama jamaa za kila neno. Sale ya mgeni ina ndugu jirani: Mhispania husema sal, Mwingereza salt, wote ni chumvi tu. Isale yetu inakuwa masale, kama jicho linavyokuwa macho. Hiyo ni tabia ya lugha zetu za Kibantu, si ya kwao. Na Mfaransa, jirani kabisa wa Mwitaliano, huandika sale kwa herufi hizohizo akimaanisha chafu.

"Afadhali hakuja Mfaransa," mama mkubwa akasema. "Angeyataja tena maziwa yangu."

Mama alicheka mpaka akaweka sahani chini.

Sauti za kinywa ni chache, mambo ya kusema ni mengi, kwa hiyo maneno hukutana njiani bila kuwa ndugu. Asili ya isale yenyewe bado sijaipata. Kila mzee niliyemwuliza ana yake, na naendelea kuuliza.

Nawe ukisikia neno la kwenu mdomoni mwa mgeni, usiwahi kusema ni ndugu. Mwombe kwanza akuonyeshe kwa mkono kitu anachokitaja. Kisha mwulize vikiwa vingi anaviitaje, na majirani wa kwao wanakiitaje. Ukishapata majibu hayo, ndipo ubishane.