Pini Moja, Pakiti Tatu

Wifi yangu, mke wa kaka, wateja humwita Mama Pini, na jina hilo hawakumpa bure. Ni fundi cherehani asiyeweza kuona vitu viwili karibu karibu bila kuvibana na pini. Karatasi ya vipimo huibana kwenye kitambaa, risiti huibana ndani ya mkoba, na orodha ya sokoni huibana kwenye gauni lake mwenyewe, tumboni, halafu akazunguka mtaa mzima nayo huku watu wakimuuliza kama nyanya zimepatikana. Mimi hutia vifungo na kukunja mapindo hapo hapo dukani kwake, kwa hiyo ninajua ninachosema. Nimechomwa vya kutosha.

Kaka ni fundi baiskeli. Yeye hufanyia kazi barazani, sisi tuko ndani, na nyuma ya duka ndiko wanakoishi na watoto wao watatu. Wa mwisho alizaliwa kwa upasuaji miezi kumi iliyopita, na wifi alipoteza damu nyingi mpaka tukakaa hospitali siku kumi na moja. Daktari aliwaambia wote wawili, uso kwa uso, kwamba mimba nyingine isiingie kabla ya miaka miwili. Wakachukua kondomu kliniki, na mambo yakaenda vizuri mpaka yule mdogo alipoanza kutambaa na kufungua kila droo anayoifikia.

Asubuhi moja nikamkuta kaka amechuchumaa mbele ya beseni lake la kutafutia pancha. Nikadhani anapima tyubu. Nilipochungulia, nikaona kwamba kile alichokijaza upepo na kukifunga fundo hakikuwa tyubu ya baiskeli yoyote ninayoijua. Viputo vilikuwa vinapanda kutoka huku na huku. Nilitaka kugeuka nirudi nyumbani kama mtu ambaye hajafika, lakini kaka hakuona haya hata chembe. Alikuwa na uso wa fundi aliyepata jibu.

"Imetobolewa," akaniambia. "Niitie wifi yako."

Wifi akaja, akatazama beseni, akageuka kutazama ndani upande wa chumbani, kisha akakaa chini polepole. Ndipo yakajulikana. Ili mtoto asizifikie, alikuwa amezikunja pakiti tatu zilizoshikana akazibana juu kabisa, nyuma ya pazia la chumbani, kwa pini. Pini ilipita katikati ya zote tatu, safi kabisa, kazi ya mtu mwenye uzoefu. Ya jana ndiyo iliyopasuka na kumfanya kaka aanze uchunguzi. Ya mwisho ilikuwa humo kwenye beseni. Ya kwanza waliitumia siku nne nyuma, na hawakuwa na habari.

Nilicheka. Nakiri kwamba nilicheka mpaka nikashika mlango, na wifi naye akacheka, akasema ameolewa na bingwa wa kuziba matundu lakini hili limemshinda. Kisha akarudi kwenye cherehani, akaendelea na suruali ya watu. Nikamuuliza kama hatuendi kliniki. Akajibu kwamba kilichoingia kimeshaingia, tungoje tu mwezi uishe tuone. Hapo hasira zikanipanda, maana mimi si mtu wa kungoja mwezi uishe. Nikachomoa waya wa cherehani ukutani, nikamwambia kaka afunge kazi, tukaondoka wote, mtoto mgongoni.

Nesi wa uzazi wa mpango alisikiliza habari ya pini bila kucheka, ingawa niliona midomo inamcheza. Akauliza siku zake za mwisho zilianza lini. Wifi hakukumbuka tarehe, ila alikumbuka kwamba ni siku aliyokabidhi magauni ya kwaya, na risiti yake ilikuwa humo mkobani, imebanwa. Zilikuwa zimepita siku kumi na mbili.

Kaka akauliza kama kweli tundu la pini linaweza kuleta mimba.

"Baba, mbegu haionekani hata kwa macho," nesi akasema. "Kwake yeye tundu la pini ni geti."

Lakini akatutuliza. Alisema mara nyingi mtu hukosea siku moja na mimba isiingie, ila wifi alikuwa karibu na katikati ya mwezi wake, siku zenye hatari kubwa kuliko zote, na mbegu zinaweza kukaa ndani zikiwa hai hadi siku tano zikisubiri yai. Vidonge vya dharura hufanya kazi vizuri zaidi vikimezwa mapema, ndani ya siku tatu. Kwa jana vingefaa, kwa ile ya siku nne nguvu yake ingekuwa imepungua. Kitanzi cha shaba ndicho chenye nguvu kuliko vyote, mradi kiwekwe kwenye mfuko wa uzazi kabla ya siku tano kupita, na kikishawekwa kinaendelea kukinga kwa miaka.

"Leo ni ya nne," kaka akasema, safari hii kwa sauti ndogo.

"Ndiyo maana nafurahi mmekuja leo."

Akampima mkojo kwanza, kisha wifi akachagua kitanzi, akawekewa saa ile ile. Akaambiwa arudi kupima baada ya wiki tatu, kwa sababu kupima mapema hakutaonyesha kitu.

Wiki hizo tatu wifi alitania kuliko kawaida yake. Alimwambia kila mteja mwenye haraka kwamba hata yeye anangoja. Kaka alikuwa anaosha vyombo bila kuombwa, jambo ambalo sikuwahi kuliona tangu tukiwa wadogo. Siku zake zikaja kabla ya wiki ya tatu kuisha, lakini kliniki alienda vilevile, na kipimo kikaonyesha hakuna mimba. Nikaanza utani wangu pale pale kwenye benchi, nikamwambia sasa mwanangu wa ubatizo amenikosa. Wifi hakucheka. Alikuwa analia, amemkumbatia mtoto.

"Mtoto mwingine sikumwogopa, wifi," akasema. "Niliogopa kufa, nimwache huyu hajajua hata kuniita."

Nikamshika mkono, nikauacha utani, nikampangusa machozi kwa ncha ya kanga yangu.