Machozi ya Wanaume wa Nyamwaga

Mwanamume wa Kikurya aliyepita jandoni halii mbele ya mwanamke. Afadhali afe! Lakini kwa Felista walilia. Alikuwa mshauri nasaha wa mradi mmoja pale Nyamwaga, ana kiti chake, kitambulisho kinaning'inia shingoni, na wanaume wakasema huyu si mwanamke, huyu ni ofisi. Mogesi, mchimbaji aliyefukiwa shimoni siku mbili kando ya maiti ya kaka yake, alikuja kila Alhamisi akalia mpaka kwikwi. Mwezi wa nne akaanza kupata usingizi.

Kisha bei ya dhahabu ikaanguka. Mgodi ukapunguza watu, wafadhili nao wakafunga virago. Jamani, watu wanachanganyikiwa kuliko wakati wowote, ndipo mshauri anaambiwa aende nyumbani! Felista alizunguka na cheti chake hadi mjini Mugumu. Kila alikobisha hodi aliambiwa asubiri hali ikae sawa. Na watoto wake, nao wasubiri kula? Akavua kitambulisho, akajifunga kanga, akaenda kuosha mchanga kwenye karasha la mzee Nyamhanga, mahali wanaposaga mawe ya dhahabu.

Jumatatu, siku yake ya kwanza hapo, alimwona Mogesi anashusha viroba vya mawe.

"Mogesi, habari za siku?"

Mogesi aliwatazama wanawake waliokaa na Felista wakipiga soga, mkewe Ghati akiwamo, akageuka akaenda zake.

Ghati naye hakumwacha. "Mume wangu alikuwa anakuambia nini huko?"

"Ya huko yalibaki huko, mama."

Wala hakusema zaidi, ingawa Ghati aliuliza siku tatu mfululizo.

Alhamisi mzee Nyamhanga akamwita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, vijana wangu wamegoma mpaka uondoke."

"Nimewakosea nini?"

"Nawauliza, wanaangalia chini."

Felista alijua: hao ndio waliolia ofisini kwake, na sasa anakaa na wake zao. Angemweleza mzee kwa sentensi moja, na kazi ingebaki yake. Lakini sentensi hiyo ilikuwa machozi ya watu. Akanawa mikono, akachukua beseni lake. Asante ya punda, mateke!

Njiani Mogesi akamfuata mbio, akihema.

"Nisamehe, mama mshauri. Tangu uje karashani silali tena."

"Njoo Alhamisi," Felista akasema, maana mdomo ulishazoea. Kisha akakumbuka kwamba leo ndiyo Alhamisi, na kwamba hana mlango wa kumfungulia.