Mkamwana wa Soko la Mbeya

Shule yetu ya biashara ilikuwa Iringa, juu ya kilima chenye upepo ambao, nasema kweli tupu, uliwahi kumvua mwalimu kofia ukaenda kumvalisha mbuzi wa misheni. Nilifika pale kutoka Unyasa na cheti changu cha shule ya jioni, nilichokipata kwa kusoma chini ya karabai mpaka wadudu wote wa Karonga wakajua hesabu. Wenzangu walikuwa Wahehe na Wabena, watu wema. Asubuhi walinisalimu "Kamwene", nami kwa usingizi nikajibu "Ndaga", neno la kwetu, na bweni zima likacheka hadi chai ikapoa. Mimi nilicheka kuliko wote. Lakini lugha isiyo na wa kuijibu huanza kuchacha mdomoni. Kufika majira ya baridi nilijikuta nazungumza Kingonde na ndoo kisimani.

Kwa hiyo mwalimu alipotangaza kwamba darasa litakwenda Mbeya kutembea na kuona biashara za watu, niliamua jambo langu kimyakimya. Mbeya ni mlango wa kwetu. Basi la Tukuyu huondokea pale, na ukishavuka Tukuyu unaanza kuunusa mto Songwe, mpaka wetu. Nilifunga nguo zangu zote katika kifurushi kimoja. Darasa lingerudi Iringa. Mimi ningeshuka na basi, na shule ingejijua yenyewe.

Tulilala Mbeya, na alfajiri lori likatupeleka Mbozi kuona kimondo, lile jiwe la chuma lililoanguka kutoka angani. Wenzangu walilizunguka, wakaligonga kwa kokoto, likalia kama kengele yenye mafua.

"Mnyasa," mmoja akaniita, maana hilo ndilo lililokuwa jina langu, "njoo umsalimie ndugu yako. Naye katoka mbali."

"Huyu kanizidi," nikasema. "Mimi nilikuja na barua ya shule."

Wakacheka sana. Niliweka kiganja juu ya lile jiwe. Lilikuwa baridi kama sakafu ya bweni.

Kutoka hapo tukaenda kwenye kinu cha kukoboa kahawa. Karani alitueleza mambo ya maganda na magunia, lakini masikio yangu yalikuwa kwa akina mama waliokaa chini wakichambua punje huku wakiimba. Nilisogea, nikasogea tena, mpaka mama mmoja akaniuliza kama nataka kazi. Waliimba Kinyiha. Nilidaka neno moja tu, nalo sikuwa na hakika nalo.

Tuliporudi mjini tulipelekwa kwa Mhindi mmoja mwenye duka la jumla. Alimwaga vitambaa mezani akatuambia, "Wewe iko soma vitabu, vizuri. Lakini shikisha mteja nguo kwanza. Mkono ikipenda, mfuko inafuata." Wenzangu waliandika mpaka kalamu zikatoa moshi. Mimi nilikuwa nachungulia mlangoni. Ng'ambo ya soko basi la Tukuyu lilikuwa linapakia mizigo juu.

Mwalimu alitupa muda mfupi wa kununua vitu vidogo. Nilichukua kifurushi changu nikakata katikati ya soko, mwendo wa mtu anayejua aendako. Nilipofika kwenye ndizi, nikasimama. Nyuma ya mikungu mwanamke alikuwa akibishana bei kwa Kinyakyusa, na Kinyakyusa na Kingonde ni lugha moja iliyokatwa na mto.

"Mugonile, mama," nikasema.

"Ndaga," akajibu.

Nilifumba macho, kama mtu anayekunywa maji baada ya safari. Akaniuliza, kwa lugha yetu, mbona sauti yangu ni ya ng'ambo, na mimi ni mtoto wa nani. Basi nikamwaga ukoo wangu wote, baba na babu, pamoja na yule kaka mkubwa wa baba aliyevuka Songwe na ng'ombe wake kabla sijazaliwa. Nadhani nilitaja hata ng'ombe. Nilimaliza. Nikafumbua macho. Mwanamke alikuwa amenipa mgongo na kujifunika kitambaa hadi kiunoni.

Jirani yake, mama wa Kisafwa aliyeuza viazi, akanitazama. "We mtoto, umemfanya nini mwenzangu?"

"Nimemtajia ukoo tu."

Wakanong'onezana. Yule wa viazi akaanza kutikisika kwa kicheko. "Anasema huyo aliyevuka na ng'ombe ni babu wa mumewe. Kwa hiyo baba wa mumewe ni ndugu yako. Shikamoo, baba mkwe."

Kwetu mkamwana hamtazami baba mkwe wala hasemi naye, na wadogo zake baba mkwe wamo humo humo, hata kama ndevu hazijaota. Nilisikia wachungaji walikuwa wakihubiri desturi ile iachwe. Mahubiri hayakuwa yamefika kwenye ndizi.

"Mwambie sijali desturi," nikamwambia mama wa viazi. "Mwambie azungumze tu."

"Anasema yeye anajali." Akainama, akasikiliza. "Anauliza baba mkwe anakwenda wapi na kifurushi."

"Nyumbani."

"Anauliza masomo yamekwisha?"

Honi ya basi ililia. Watu wawili wenye lugha moja, tukitafsiriwa Kiswahili na Msafwa. Ningeweza kudanganya, lakini mtu hamdanganyi mkamwana.

"Bado," nikasema.

Minong'ono ikawa mirefu. "Anasema mumewe humsimulia kila mgeni kwamba wana baba mdogo anayesoma Iringa. Habari ilivuka mto na wenye ng'ombe. Sasa leo jioni amwambie nini? Kwamba amemwona baba mdogo akiikimbia shule?"

Nilikishusha kifurushi chini. Mkono ukatoka chini ya kitambaa, ukasukuma chane ya ndizi mbivu hadi kwa mama wa viazi, naye akaniletea kwa mikono miwili, bila kucheka tena.

Basi la Tukuyu liliondoka nikiwa nalitazama. Nilipanda lori nyuma kabisa.

"Mnyasa, ndizi umepewa na nani?"

"Na mkamwana wangu," nikasema, na kicheko kilitufikisha Chimala. Kisha mmoja mmoja wakalala, vichwa vikigongana, nikabaki macho peke yangu.

Shule niliimaliza. Mbeya nimepita mara nyingi tangu hapo, na kila mara nilikwenda penye ndizi. Lakini uso wake sikuuona. Huenda tumepishana mara mia, yeye akijifunika haraka, nami nikidhani ni mama fulani anayekwepa vumbi.