Filamu Tulizozikomboa kwa Jogoo

Mama alikuwa na hadithi moja aliyoipenda kuliko zote. Kiboko wa kwenye katuni za baba, alisema, alivuka mto akiwa na mwavuli wa kijani kibichi, mtumbwi wake wa njano, na anga lote juu yake la bluu. Wajukuu walimsikiliza wakicheka chini chini, maana ushahidi walikuwa nao mkononi.

Baba alikuwa dereva wa mhandisi mmoja wa kigeni hapa Nachingwea. Mhandisi alipoondoka alimwachia mashine ndogo ya kuonyeshea sinema nyumbani, ile ya kuzungusha kwa mkono, pamoja na mkebe wa mikanda ya katuni isiyo na sauti. Baada ya baba kufariki mkebe ulipotea. Ikabaki mikanda miwili tu ya kiboko huyo, iliyokuwa imesahaulika juu ya kabati, chini ya bati la paa, ikiokwa na joto kila kiangazi. Mimi ni fundi redio, kwa hiyo mashine niliifufua bila shida, nikaitia taa ya siku hizi. Lakini mikanda ile ilikuwa imeiva. Kiboko alikuwa wa pinki, mto wa pinki, mwavuli wa pinki, kila kitu rangi ya ubuyu uliomwagikiwa maji.

"Bibi, huo mwavuli wa kijani uko wapi?" wajukuu wakamuuliza.

Dada yangu mkubwa, anayeishi na Mama, akasema kwa upole, "Mama, ni umri tu. Siku hizi unachanganya."

Upole ule ndio uliomuumiza. Mama alikuwa tayari ameshaunguza maharage, na ameshakwenda kumsalimia jirani aliyehama. Tangu siku ile ya katuni za pinki akaanza kujiuliza kabla ya kusema lolote. "Baba yenu alizaliwa Mandawa," angesema, kisha angetutazama: "Au nachanganya?" Mwanamke aliyekuwa akijua shamba la kila mtu na mpaka wake sasa alikuwa anaomba ruhusa ya kukumbuka. Mimi nina hasira za karibu, na jambo hilo lilinichoma. Nilimgombeza dada. Naye akanigombeza, akaniuliza kama ni mimi ninayekesha na Mama.

Mwaka jana, mvua za kupandia zikiwa zimekaribia, niliitwa Nambilanje kufunga sola kwa mzee mmoja ambaye ni mtani wetu. Kwetu msiba hauendi bila watani. Wenyewe wakilia, watani wanaingia na matusi yao, wanamwigiza marehemu, wanabeba chochote wanachokiona na kukishikilia mpaka wafiwa waje wakikomboe. Kukikomboa ni heshima kwa marehemu. Kumsahau mtani ni aibu ya ukoo mzima.

Nilimkuta amekaa mlangoni mwa ghala anafungua mitungi ya mbegu. Aliponiona tu, hata salamu yangu hakuipokea.

"Kumbe mpo hai!" akapaza sauti. "Ukoo wa wachoyo nyie! Mmemzika baba yenu, mali yake mkaniachia mimi niilee. Mtakuja lini kuikomboa?"

"Mali gani, mtani?"

"Ule mkebe niliubeba mimi siku ya msiba, mbele ya baba zako wadogo. Nimengoja mpaka meno yameng'oka."

Hapo nikaelewa. Baba wadogo walidhani sisi watoto tumeshaukomboa. Sisi watoto hatukujua hata kama umechukuliwa. Na yeye, kwa sheria ya utani, asingeweza kuurudisha bure, wala kutukumbusha kwa ustaarabu. Matusi yangefaa, lakini hakuna aliyekuja kutukanwa.

"Na bado unao?"

"Nikitunza mbegu naziweka wapi? Ndimo nilimouweka."

Akanionyesha mtungi wa nyuma kabisa, kwenye kona ya giza na ubaridi, majivu chini, mdomo umezibwa kwa udongo. Nilinyoosha mkono, akanipiga kofi mkononi. "Jogoo kwanza!" akasema. Jogoo nitamtoa wapi mimi, nimekuja na bisibisi na waya tu? Mkewe, aliyekuwa akitusikiliza kutoka jikoni, akasema anaye mmoja wa kuuza. Basi nikanunua jogoo kwa mke wa mtani, nikamkabidhi mtani mwenyewe, na jogoo akarudi palepale uani alipokuwa akiparua. Mzee alicheka mpaka akashika ukuta.

Alipoupasua ule udongo nilinusa kwanza. Filamu iliyooza inanuka siki. Hii haikunuka chochote ila majivu. Nikauvuta mkanda kidogo, nikauinua kwenye jua, na katika kile kipande chembamba nikaona alama ndogo ya kijani. Sijui kama ni mtungi uliouokoa au ni aina ya rangi waliyotumia wenyewe. Fundi redio siwezi kuapa. Najua tu kwamba nilijifuta uso kwa kiganja, na mtani akanisema nalia mbele ya kuku.

Nilirudi Nachingwea kupitia Ruangwa, mkebe nimeupakata njia nzima. Kesho yake mchana tuliziba madirisha ya sebuleni kwa mablanketi, tukatundika shuka jeupe. Mama alikaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, na niliona kwamba anaogopa. Nami niliogopa. Nikaanza kuzungusha.

Kiboko akatokea, wa kijivu, tumbo kama mtungi. Mtumbwi wa njano. Anga la bluu lililojaa shuka zima mpaka likamwagikia ukutani. Kisha akafungua mwavuli, ukawa wa kijani kama majani ya mkorosho machanga.

Wajukuu walipiga kelele. Dada aliweka mkono mdomoni, akaenda kukaa sakafuni karibu na miguu ya Mama, akasema, "Nisamehe, Mama." Nilidhani Mama atasema nilikwambieni. Badala yake alivuta pumzi ndefu ya mtu aliyetua mzigo wa kuni, akamshika dada kichwa, akaitazama katuni mpaka mwisho huku akicheka kwa sauti.

Tulipoondoa mablanketi mwanga ukaingia, na Mama akaanza kusimulia. Siku ya harusi yake, alisema, mvua ya mawe ilinyesha, na baba akayaokota yale mawe akamtilia kwenye kikombe cha maji. Nilikuwa sijawahi kusikia habari hiyo. Labda ni kweli, labda sivyo. Alisimulia bila kututazama usoni, bila kuuliza kama anachanganya, na mjukuu mmoja akamuuliza maji yale yalikuwa baridi kiasi gani.