Kombyuta Ilipouliza Saa

Kompyuta ya kwanza kuingia shule yetu ilikaa ofisini kwa mwalimu mkuu miezi na miezi bila kuwashwa. Ililetwa na wafadhili, pamoja na printa na kisanduku cha nyaya ambacho hakuna aliyejua ni cha nini. Mwalimu mkuu akaipenda papo hapo, jinsi watu wanavyopenda kabati la vioo. Mkewe akaifumia kitambaa cheupe cha kuifunika, na juu ya kitambaa pakawekwa maua ya plastiki. Mgeni akija, kitambaa kiliinuliwa kidogo, mgeni akaona kioo cheusi, akasema mashaallah, kitambaa kikashushwa.

Mimi nilikuwa mwalimu wa fizikia katika shule hiyo ya wasichana mjini Garissa, katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka Mombasa na sanduku moja, miwani, na hasira za karibu. Hasira hizo ninazo hadi leo. Kila nilipoingia ofisini kuomba chaki niliyaona yale maua ya plastiki, na damu ikanichemka. Siku moja nilifungua kile kisanduku cha nyaya bila kuomba ruhusa ya mtu. Mlikuwa na vipima joto viwili vyenye waya mrefu wa kuchomeka kwenye kompyuta, na disketi ya programu ya kuvisoma. Kumbe tangu mwanzo kompyuta ile ilikuwa imeletwa kwa ajili ya maabara, na sisi tulikuwa tumeivika hijabu na kuikalisha ofisini.

Nilimwendea mwalimu mkuu. Hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na moyo mwepesi kwa vitu vinavyong'aa. Alisema maabara ina vumbi. Nikamwambia Garissa nzima ina vumbi, na ofisi yake iko Garissa. Alisema wasichana wataiharibu. Nikamuuliza kitu kisichowashwa kinaharibika vipi zaidi ya hapo. Tulibishana hadi chai ikapoa, na mwishowe tukafikia makubaliano. Mashindano ya sayansi ya mkoa yalikuwa yanakaribia. Angetuazima kompyuta hadi siku hiyo. Wasichana wangu wakipita mbele ya majaji, itabaki maabara kwa kudumu. Wakishindwa, itarudi chini ya kitambaa, na nisimtajie tena habari zake.

Nilikubali haraka haraka, kisha nikaenda kukaa chooni kidogo kwa woga.

Wazo la mradi halikuwa langu. Lilitoka kwa msichana mmoja wa kidato cha tatu, mrefu, mkimya, mwenye macho ya kumpima mtu. Kwao Lafey, huko mpakani, na alikuja shuleni kila muhula kwa lori la mizigo. Alikuwa amelalamika mwaka mzima kwamba darasa letu la mabati ni tanuri, na kwamba nyumba ya mikeka ya mama yake, ile inayobebwa na ngamia familia ikihama, ina baridi kuliko darasa. Wenzake walikubali. Mimi, mtu wa nyumba za mawe, nilisema hayo ni mapenzi tu ya nyumbani. Basi akasema, tupime.

Wasichana waliijenga nyumba ile nyuma ya maabara mchana mmoja, wakiimba na kunicheka, kwa sababu kila fimbo niliyoshika niliishika upande usiofaa. Waya mmoja tuliuingiza kwenye nyumba ya mikeka na mwingine kwenye darasa la mabati. Mbuzi wa jirani alikuja kuonja waya siku ya kwanza, akafukuzwa na darasa zima.

Kompyuta yenyewe ilipokelewa kwa heshima zake. Hakuna aliyewaambia wasichana wavue viatu, lakini asubuhi ya kwanza nilikuta vimepangwa mlangoni kama nje ya msikiti. Msichana wa Lafey ndiye aliyechaguliwa kuiwasha, maana vidole vyake havikutetemeka. Alisema bismillahi, akabonyeza. Kioo kikawaka, na wale wote waliokuwa nyuma yake wakarudi hatua moja.

Lazima nieleze tabia moja ya mashine ile, kwa kuwa ndiyo iliyotuponza. Betri yake ndogo ya ndani ilikuwa imekufa kwa kulala muda mrefu, kwa hiyo kila ilipowashwa haikujua ni wakati gani. Kabla ya kufanya kazi yoyote ilikuandikia kiooni swali, sasa ni saa ngapi, ikangoja jibu. Ukishaijibu, ilihesabu yenyewe kutoka hapo, na kila kipimo cha joto ilikiandikia saa yake pembeni. Nilimfundisha yule msichana mara moja tu: ikikuuliza saa, ijibu, kisha endelea. Nikaenda zangu kufundisha kidato cha kwanza.

Siku ya upimaji wenyewe aliiwasha mapema asubuhi, ikapima hadi muda mfupi kabla ya Magharibi. Printa ikalia weee, ikatutolea mchoro wenye mistari miwili. Mstari wa mabati ulipanda kama mtu mwenye homa. Wa mikeka ulipanda kidogo, ukatulia. Mapenzi ya nyumbani, kumbe, yalikuwa fizikia. Joto la mabati lilifika kileleni kwenye namba nane. Niliutazama mchoro ule kwa miwani yangu na shahada yangu. Nikasema moyoni, bila shaka, saa nane mchana ndipo Garissa inapoiva. Nikautia sahihi.

Mashindano yalifanyika katika ukumbi wa shule nyingine hapo hapo mjini. Majaji walitoka Nairobi. Aliyetupata sisi alikuwa mzee wa makamo, suti ya kaki, shati limeloa mgongoni, na mkononi saa ya kisasa ya tarakimu iliyolia tii-tii. Alikuwa na adabu ila amechoka. Msichana wangu alisimama mbele ya mchoro na kueleza kwa Kiingereza kizuri alichokirudia kwa wiki nzima, herufi za p zikimponyoka na kuwa b hapa na pale. Alieleza mikeka, alieleza mabati, alieleza hewa inavyopita. Jaji akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha msichana akafika kwenye kilele cha joto, akasema kwa Kiingereza kwamba kilikuwa saa nane.

Jamani, saa nane ya Kiingereza ni saa mbili asubuhi. Jaji aliinama akausoma mchoro upya. Ulianzia kwenye moja na kuishia kumi na mbili. Akauliza, kwa sauti ya pole kabisa, kama kweli mji huu unafika upeo wa joto saa mbili asubuhi, watu wakiwa bado wanakunywa chai, halafu adhuhuri ukawa umekwisha kupoa. Watazamaji wakacheka. Jaji akasema kuna mambo mawili tu: ama mashine ni mbovu, ama tarakimu zimepikwa. Akachukua kalamu.

Nilisimama. Nilikuwa na maneno, na hayakuwa mazuri. Msimamizi akanikumbusha kwamba walimu hawaruhusiwi kusema neno. Nikakaa, nikaukamata ukingo wa kiti, na macho yangu yakaenda kwa mwalimu mkuu wangu aliyekuwa safu ya nyuma. Naapa nilimwona akikikunjua kitambaa kile akilini mwake.

Msichana hakulia. Aliangalia mchoro, akamwangalia jaji, na nikaona kitu kinamfungukia usoni. Akaomba ruhusa aseme Kiswahili. Jaji akampa.

"Mzee, samahani," alisema. "Sasa ni saa ngabi?"

Jaji alishangaa, lakini mtu akiulizwa saa hujibu bila kufikiri. Akainua mkono, akaitazama saa yake. "Saa nne na robo," akasema.

"Na saa yako ameandika ngabi?"

Akatazama tena. "Kumi na kumi na tano."

"Saa kumi na robo ni wakati ya Alasiri," alisema msichana, taratibu, bila ufidhuli wowote. "Kama saa yako ni kweli, wallahi, Adhuhuri imetubita sisi sote hapa, na hakuna mtu ameswali."

Halafu sheikh mmoja mwalimu wa dini aliyekuwa karibu na dirisha akaanza kucheka, tumbo likimtikisika, na kicheko kikazunguka safu kwa safu. Jaji hakucheka. Alikuwa bado anaitazama saa yake, kama mtu anayemtazama rafiki wa miaka mingi aliyegundulika kuwa na jina jingine.

Msichana akaeleza yaliyobaki. Baba yake huuza mifugo na kuvuka mpaka kwenda masoko ya Uhabeshi. Huko watu hutegesha saa zao zifuate jua: ikiwa saa mbili asubuhi, saa mkononi husema mbili. Saa ya baba ndiyo aliyojifunzia kusoma. Za watu wa hapa, zinazoandika nane na mwenyewe anatamka mbili, alizizoea kama unavyozoea mtu mwenye kigugumizi, lakini hakuwahi kudhani kwamba ndizo sahihi. "Kombyuta iliniuliza saa," akasema. "Mimi nikamwambia kweli. Ilikuwa saa moja, nikaandika moja."

Jaji akavuta mchoro karibu. Akaweka kidole kwenye moja akahesabu hadi nane, midomo ikitembea. Saa moja, saa mbili, saa tatu. Alipofika saa nane mchana akakiona kilele pale pale kinapostahili. Akafika kumi na mbili, jua linazama, mabati yamepoa. Akahesabu mara ya pili, nadhani kwa kujiburudisha tu. Kisha akasema jambo ambalo nimelikumbuka mara nyingi nikiwa na wanafunzi wangu wengine. Alisema ametamka saa nne huku akisoma kumi tangu alipokuwa mtoto, kila siku ya maisha yake, na hakuna siku hata moja aliyojishika akifanya hivyo.

Na mimi je? Nilikuwa nimesoma nane nikaona saa nane, nikatia sahihi. Mswahili wa Mombasa ndani yangu alikuwa amemtangulia mwalimu wa fizikia. Nilitaka kujificha na nilitaka kumkumbatia yule mtoto, na kwa kuwa yote mawili hayakuwezekana ukumbini, nilibaki nikipangusa miwani isiyo na uchafu.

Tulipita. Hatukuwa wa kwanza. Wa kwanza walikuwa wavulana waliotengeneza jiko la jua lililochemsha yai mbele za watu, na ni vigumu kushindana na yai. Sharti tulilopewa lilikuwa moja tu, kwamba chini ya mchoro tuandike ni saa za mtindo gani. Msichana aliuliza kama wale wengine wote nao wameambiwa waandike za kwao ni za mtindo gani. Jaji akajifanya hakusikia, lakini alikuwa anatabasamu.

Mwalimu mkuu alitimiza ahadi, na nampa haki yake. Alitangaza kwenye gwaride la asubuhi kwamba kompyuta ni mali ya maabara kuanzia leo. Maua ya plastiki yalihamia juu ya kabati la faili. Siku hizo alikuwa pia ameanza kunywa chai yake ya saa kumi ndani ya nyumba ya mikeka nyuma ya maabara. Alisema ni ukaguzi.

Baada ya gwaride alitufuata maabara kushuhudia kazi ikianza. Viatu vilikuwa vimepangwa mlangoni, naye akasita, akavua vyake. Akasimama nyuma ya wasichana, mikono mgongoni, akaitazama saa yake ya mkononi na kutangaza kwa sauti ya ofisi: "Saa mbili kamili. Haya, anzeni."

Msichana wa Lafey akasema bismillahi, akabonyeza. Kioo kikawaka, na mashine, ambayo betri yake bado ilikuwa maiti, ikauliza sasa ni saa ngapi. Vidole vyake vikasimama juu ya herufi. Akageuka kunitazama. Darasa zima likageuka kunitazama.

"Mbona unaniangalia mimi?" nikamwambia. "Mwalimu mkuu amekwisha kukujibu."

Akageukia mashine, akaandika mbili.